Likoni hawakupigana, walipigwa

Mapema mwezi uliopita nilialikwa na mwalimu mmoja wa Kiswahili, tuliyesoma naye chuoni miaka mingi iliyopita, nikazungumze na wanafunzi wake wa Kidato cha Nne katika shule moja ya upande wa Likoni. Mada niliyopewa ilikuwa mnyambuliko wa vitenzi, somo ambalo wanafunzi wengi huliona kavu kama mkate wa juzi. Nikaandika ubaoni kitenzi piga, nikakinyambua: pigia, pigwa, pigisha, pigika, pigana. Nikafika kwenye kauli ya kutendana na kueleza, kama nielezavyo kila mwaka, kwamba kiambishi -an- kinadai pande mbili, kila upande ukitenda na kutendwa kwa wakati mmoja. Juma na Ali wanapigana: Juma anampiga Ali, na Ali anampiga Juma.

Msichana aliyeketi karibu na dirisha akainua mkono. "Mwalimu," akasema, "babu yangu husimulia habari za mapigano ya Likoni. Hizo pande mbili zilikuwa zipi?"

Darasa likacheka kidogo, kisha likanyamaza. Nami nikajibu jibu la kukwepa. Nilisema kwamba swali hilo ni la somo la historia, na kwamba mapigano ni nomino iliyokwisha kuzoeleka, haifai kuchambuliwa kwa ukali namna hiyo. Jibu hilo lilikuwa bovu kwa isimu na bovu zaidi kwa historia. Nilivuka nalo feri jioni ile likinikaba kooni, na makala haya ni jaribio la kulirekebisha.

Msomaji asiyeijua Feri yafaa nimweleze kwamba kwetu Mombasa neno hilo si jina la chombo tu, bali ni jina la mahali. Mtu akisema "nishushe Feri", kila utingo anajua ni wapi. Ni pale kisiwa kinapoishia na mlango wa bahari wa Kilindini unapokitenga na Likoni. Pale hamali na mkokoteni wake, mama wa mahamri, mwanafunzi na karani husukumana kwenye mteremko mmoja wakingojea lango lifunguliwe. Kwa hesabu iliyozoeleka, watu zaidi ya 300,000 huvuka hapo kila siku. Kiwango hicho chatosha kulifanya kuwa mahali pa usalama wa taifa, lakini kwa muda mrefu palichukuliwa kuwa mahali pa kupita tu.

Agosti 1997 nilikuwa na umri wa miaka 17, nikiishi kwetu Mji wa Kale. Usiku wa tarehe 13 mwezi huo, kundi la watu wenye bunduki, mapanga, pinde na mishale lilivamia kituo cha polisi cha Likoni na kituo kidogo cha polisi kilichokuwa kivukoni. Waliwaua askari wasiopungua sita, wakachukua bunduki zaidi ya 40, wakakitia kituo moto. Kutoka hapo waliingia vibandani na majumbani wakiwatafuta watu wenye asili ya bara: Wajaluo, Wakikuyu, Wakamba, Waluhya. Mashambulizi yaliendelea kwa majuma kadhaa, Likoni na sehemu za Kwale. Waliouawa walizidi 100. Waliohama makwao walikuwa makumi ya maelfu, na maelfu miongoni mwao walijibanza katika uwanja wa Kanisa Katoliki la Likoni. Vikosi vya serikali vilipofika, navyo viliingia vijijini na kuwakamata vijana wa Kidigo, wengine wakipigwa na kuteswa bila ya kuulizwa kama walikuwa msituni au walikuwa wamelala kwao.

Siku zilizofuata nilishuka hadi Feri na rafiki zangu, kwa ujinga wa vijana wanaotaka kuona. Tuliowaona ni watu waliokuwa wakishuka kutoka upande wa pili na mizigo ya ajabu. Kuna mama mmoja ambaye sura yake imenitoka lakini mzigo wake haujanitoka: alikuwa amejitwika kichwa cha cherehani, meza yake imeachwa. Alitembea polepole kwa sababu chuma kile ni kizito, na nyuma yake alifuatwa na mtoto aliyebeba kasha la nyuzi. Mama yule hakuwa ametoka vitani. Hakuwa na upande. Alikuwa fundi wa kushona nguo aliyenusuru kazi yake.

Sasa tazama vitenzi nilivyovitumia katika aya hizi mbili: lilivamia, waliwaua, wakachukua, wakakitia moto, wakipigwa, kuteswa. Hamna hata kimoja chenye kiambishi cha kutendana, na sikuvichagua kwa ustadi wowote. Mambo yenyewe yalivitaka. Yule msichana wa dirishani aliligundua hilo kwa muda wa dakika 20 za somo. Lakini magazeti, tume na Bunge letu vimelitumia neno mapigano kwa zaidi ya miaka 30, tangu vijiji vya Bonde la Ufa hadi mitaa ya Likoni. Wapwani wenyewe hulitumia jina jingine. Husema Kaya Bombo, kwa jina la msitu wa Kwale ambamo wavamizi walikusanyika na kula kiapo. Jina hilo angalau linataja mahali, na mahali pana njia za kufika, pana watu walioonekana wakienda huko, pana maofisa waliopelekewa habari kabla ya usiku ule.

Hebu tuhamie Bungeni, kwani huko ndiko kilio cha kijiji kinakotarajiwa kupata masikio. Mbunge husimama akamweleza Spika kwamba katika sehemu yake mifugo imeibwa, nyumba zimechomwa, au vijana wenye mapanga wanawavizia watu watokao kazini usiku. Mpaka hapo maneno ni ya kijijini: kuna ng'ombe, kuna nyumba, kuna panga, kuna mtu. Kisha hoja hiyo huingia katika kinu cha lugha rasmi. Nyumba zilizochomwa hugeuka visa vya uchomaji. Vijana hugeuka wahalifu wasiojulikana. Kijiji kizima hugeuka eneo lenye ukosefu wa usalama, kana kwamba usalama ni sukari iliyokwisha dukani na lori linalosubiriwa litaileta kesho. Waziri ajibupo, husema kwamba hatua zimechukuliwa na uchunguzi unaendelea. Hatua zimechukuliwa na nani? Uchunguzi unaendeshwa na nani, hadi lini? Kauli ya kutendwa katika Kiswahili ina kiungo kidogo cha kumtajia mtenda, nacho ni na: alipigwa na fulani. Neno hilo la herufi mbili ndilo ghali kuliko yote katika kumbukumbu za Bunge, maana ndilo linaloachwa mara nyingi zaidi.

Sidai kwamba wabunge wote ni waoga wa sarufi. Yuko mmoja ambaye habari zake kila mwalimu wa Mombasa angepaswa kuzijua, na huwa nashangaa kuona jinsi wanafunzi wangu wengi wasivyopata kulisikia jina lake. Huyo ni Kennedy Kiliku, aliyekuwa mbunge wa Changamwe. Changamwe si Molo wala Burnt Forest. Wapiga kura wake walikuwa makuli wa bandari na wafanyakazi wa viwandani, watu ambao shamba kwao ni neno la likizo ya Desemba. Lakini Changamwe ni mji wa watu waliotoka kila pembe ya nchi, na shamba likichomwa bara, kuna chumba Changamwe ambamo mtu hulia.

Moto huo wa bara uliwashwa tarehe 29 Oktoba 1991, katika shamba la Miteitei, wilaya ya Nandi wakati huo. Ulienea hadi Kericho, Bungoma, Trans Nzoia, Uasin Gishu na Nakuru. Mwaka uliofuata Bunge liliunda Kamati Teule ya wabunge 13 ichunguze, na Kiliku akawa mwenyekiti wake. Yafaa tukumbuke hali ya siku zile. Mfumo wa vyama vingi ulikuwa umerejeshwa kisheria Desemba 1991 tu; Bunge lililokuwapo lilikuwa bado lile lile lililochaguliwa chini ya chama kimoja. Wanakamati wote walikuwa wa KANU. Mtu angetarajia waandike ripoti ya ukurasa mmoja wenye maneno ya kusikitika, wakapeana mikono na kwenda zao.

Hawakufanya hivyo. Walizunguka mikoani, wakawasikiliza watu, na Septemba 1992 ripoti yao ikatoka. Ilihesabu watu 779 waliouawa na zaidi ya 50,000 waliofukuzwa makwao. Lakini uzito wake haukuwa katika hesabu. Uzito ulikuwa katika viima vya sentensi zake. Mahali ambapo taarifa za serikali zilisema fujo zimezuka, ripoti ilisema kwamba kulikuwa na watu waliopanga, waliotoa fedha, waliosafirisha wapiganaji na kuwalipa. Na kwamba maofisa wa utawala wa mikoa waliona na hawakuzuia, au walisaidia. Ilitaja watu wakubwa na kutaka wachunguzwe. Kwa mara ya kwanza katika jambo hilo, Bunge lilikuwa limeandikiwa na watoto wake wenyewe sentensi kamili: mtenda, kitendo, mtendwa.

Bunge likakataa kuipitisha. Ripoti haikupata idhini ya nyumba iliyoiagiza, na muda mfupi baadaye Bunge likavunjwa kwa ajili ya uchaguzi wa Desemba 1992. Angalia kwamba kukataa kuipitisha ripoti si sawa na kuikanusha. Anayekanusha hulazimika kusema la kweli ni lipi, na hutoa sentensi yake badala ya ile anayoipinga. Anayekataa kupitisha huifuta sentensi ubaoni na kuuacha ubao mtupu, darasa likiangalia.

Miaka mitano baadaye moto ukafika Feri, mwendo mfupi kutoka Changamwe. Mbinu zilifanana kiasi cha kutisha: mwaka wa uchaguzi, karatasi za kuwaonya watu wahame, vijana waliokusanywa mahali fulani na kulishwa kiapo, polisi waliopelekewa habari mapema na kukaa kimya. Sisemi kwamba lau Bunge lingeipitisha ripoti ya Kiliku, kituo cha Likoni kisingalichomwa. Hakuna mwanaisimu wala mwanahistoria awezaye kuapa hivyo. Nasema kwamba waliopanga ya 1997 walikuwa wamekwisha kujifunza somo moja, kwamba mtu aweza kutajwa katika ripoti ya Bunge la Jamhuri na asifanywe lolote.

Yaliyofuata ni marudio ya hadithi ile ile. Julai 1998 iliundwa tume ya majaji chini ya Jaji Akilano Akiwumi. Ilikaa Mombasa pia, ikawasikiliza mashahidi wa Likoni na Kwale. Iliikabidhi serikali ripoti yake 1999. Ripoti ikafungiwa kabatini hadi Oktoba 2002, miezi miwili kabla ya serikali ile kuondoka. Nayo ilitaja majina na kupendekeza wanasiasa na maofisa wachunguzwe. Hakuna mwanasiasa mkubwa aliyehukumiwa. Baada ya damu ya 2007 na 2008 ikaja ripoti ya Jaji Waki, kisha Mei 2013 ripoti nzito ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi Bungeni kwa niaba ya dola na kutangaza hazina ya shilingi bilioni 10 ya kuwafariji walioumizwa. Maneno yalikuwa mazuri. Mama wa cherehani, akiwa hai, angependa kujua fedha hizo hutolewa dirisha gani.

Nimesema kuhusu bunduki na mapanga. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumelitazama jambo kwa jicho moja. Vijana waliokubali kuingia msituni hawakuingia kwa sababu ya kupenda damu. Waliahidiwa ardhi, kazi na heshima, vitu vitatu ambavyo wabunge wa Pwani wamekuwa wakiviuliza Bungeni tangu uhuru. Tarehe 29 Aprili 1994, miaka mitatu kabla ya Kaya Bombo, feri ya Mtongwe ilipinduka asubuhi watu wakienda kazini. Ilijengwa kubeba abiria 300 na siku hiyo ilibeba zaidi ya 400. Walikufa 272. Wengi wao walikuwa vibarua waliovuka kwa sababu kazi iko kisiwani na nyumba wanazoziweza ziko ng'ambo. Hapo ustawi na usalama ni kitu kimoja: mtu anayelazimika kupanda chombo kilichojaa kupita kiasi ili asikose ujira wa siku hana usalama, hata pasiwe na jambazi mmoja katika mtaa wake.

Tazama pia shamba la Waitiki, ekari 930 za Likoni. Lilivamiwa na watu wasio na ardhi katika vurugu zile za 1997, likabaki na mgogoro kwa karibu miaka 20, hadi serikali ilipolinunua na hati kuanza kugawiwa wakazi Januari 2016. Katika mjadala rasmi mambo haya hukaa katika majalada mbalimbali. Swali la feri huenda kwa waziri wa uchukuzi, swali la ardhi kwa waziri wa ardhi, swali la mapanga kwa waziri wa usalama. Kila mmoja hujibu lake akaketi. Lakini kijana wa Likoni hana majalada matatu. Anayo siku moja tu, inayoanza kwa foleni ya Feri na kuishia katika nyumba isiyo na hati, na katikati yake kuna mtu anayemwambia kwamba adui wake ni jirani aliyetoka bara.

Nadhani hapa ndipo mbunge anapopimwa. Kuzungumza kwa sauti kubwa si kipimo, na kuitisha kituo kipya cha polisi ni jambo jepesi. Kila mtu huitisha. Kipimo ni kama ataweza kusimama na kusema, kwa sentensi moja isiyokatika, nani alifanya nini, kwa sababu ya upungufu upi, na ofisi ipi iliarifiwa siku ipi. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 95, yasema kwamba Bunge la Taifa hujadili na kutatua masuala yanayowahusu wananchi. Imesema kujadili na kutatua. Wengi wetu tumezoea kuhesabu kitenzi cha kwanza na kusahau cha pili.

Kuna jambo jingine linaloniudhi kama mtu wa lugha. Julai 1974 Mzee Jomo Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumike Bungeni. Kufikia 1979 lugha zote mbili, Kiswahili na Kiingereza, zikawa zimeruhusiwa. Na kifungu cha 120 cha Katiba ya sasa kimeongeza Lugha ya Ishara ya Kenya. Likoni yenyewe iliwakilishwa kwa miaka kumi, 2007 hadi 2017, na Masoud Mwahima, aliyekuwa meya wa Mombasa, ambaye aghalabu alichangia kwa Kiswahili. Lakini mbunge akizungumza Kiswahili kilichonyooka, wenzake huchangamka kana kwamba wameletewa taarabu. Hufurahia ladha, wakaiacha hoja ipite. Na ripoti zote nilizozitaja, ya Kiliku, ya Akiwumi, ya Waki, na ile ya 2013, ziliandikwa kwa Kiingereza. Mtu wa Likoni alitoa ushahidi kwa Kiswahili, akaulizwa maswali kwa Kiswahili, akalia kwa Kiswahili. Kisha yaliyomkuta yakaandikwa kwa lugha ambayo babu wa yule msichana hawezi kuisoma. Amekuwa mtendwa hata katika sentensi inayohusu kutendwa kwake.

Sheria ya mwaka 2012 ya kuwasilisha malalamiko Bungeni humruhusu raia yeyote kuandika kwa Kiingereza au Kiswahili, mradi lugha yake iwe ya heshima, staha na kiasi. Sina ugomvi na heshima. Lakini nimewafunza vijana wengi wanaodhani kwamba lugha ya staha ni lugha isiyotaja mtu. Barua zao kwa wakubwa hujaa "kumekuwa na", "imebainika kuwa", "inasikitisha kuona". Walimu wenzangu, kosa hilo tumelifunza sisi. Tumewazawadia alama kwa ajili ya mapambo na hatujawauliza kamwe: nani kafanya?

Najua nitakavyojibiwa. Wako watakaosema kwamba kutaja watenda ni kuwasha upya makaa, na kwamba neno mapigano, pamoja na upungufu wake, lina rehema ndani yake kwa kuwa linagawa lawama sawasawa na kuwawezesha majirani kusalimiana tena. Hoja hiyo siidharau. Nimekaa na wazee wa Likoni wanaoishi mlango kwa mlango na watu waliowahi kuwakimbia, na nimeona jinsi ukimya unavyoweza kuwa adabu. Lakini hoja hiyo huchanganya kumtaja mtu na kulitaja kabila. Aprili 2022 Tume ya Taifa ya Utangamano na Uwiano ilitoa orodha ya maneno ya chuki. Yalikuwamo madoadoa, kwekwe, wakuja, na kauli ya "wabara waende kwao". Mwezi Januari mwaka huo huo seneta mmoja alikuwa amekamatwa kwa sababu ya neno madoadoa alilolitamka katika mkutano wa hadhara Eldoret. Yachunguze maneno hayo. Yote ni nomino za jumla. Hayasemi fulani alifanya hiki. Husema watu wa aina hii ni uchafu, ni magugu, si wa hapa. Chuki hupenda nomino za jumla kama vile ukwepaji unavyopenda kauli isiyo na mtenda, na zote mbili huishi kwa kuepuka jambo lile lile: jina la mtu mmoja mmoja na kitendo chake. Ripoti ya Kiliku ilipotaja watu, iliziondolea jamii nzima nzima mzigo wa hatia. Waliokataa kuipitisha waliwarudishia Wakalenjin wote, na baadaye Wadigo wote, lawama iliyokuwa ya wachache.

Na tusijidanganye kwamba tatizo hili limepitwa na wakati. Juni 2014 huko Mpeketoni, kaunti ya Lamu, watu zaidi ya 60 waliuawa katika siku mbili mfululizo. Al-Shabaab walisema ni wao. Rais akalihutubia taifa akasema si wao, ni mtandao wa kisiasa wa huko huko. Sentensi moja ikapewa viima viwili vinavyokanushana, na wajane wakaachwa katikati. Masheikh kadhaa waliuawa kwa risasi hapa Mombasa kati ya 2012 na 2014, na mtenda wao hadi leo katika lugha rasmi ni yule yule, watu wasiojulikana.

Nilipofika kisiwani jioni ile, nilisimama kando ya ngazi za Feri nikampisha hamali aliyekuwa akisukuma mkokoteni wa viazi. Nikampigia simu yule mwalimu rafiki yangu. Nikamwomba amwambie msichana kwamba jibu langu lilikuwa la makosa, kwamba swali lake lilikuwa la sarufi hasa, na kwamba akipenda aketi na babu yake, amwombe asimulie upya habari ile, yeye aiandike bila ya kutumia neno mapigano hata mara moja, na kila sentensi iwe na mtenda wake. Nilimwahidi kuisahihisha mwenyewe.

Juma lililopita nilipata majibu. Babu amekubali kusimulia. Ametoa sharti moja tu, kwamba jina lake lisiandikwe.